Jicho Zima

Nilipofika Isevya nyumbani kwa mdogo wangu, kabla sijatua begi, macho yangu, au tuseme jicho langu, lilikwenda moja kwa moja kwenye msumari. Ulikuwa umepigiliwa pembeni ya mlango wa chumbani, na juu yake kilining'inia kipande cha kitambaa cheusi chenye lastiki, kidogo, kama kifuniko cha chupa ya asali. Mtu mwingine angedhani ni mabaki ya cherehani. Mimi nilikitambua.

"Hicho cha nani?" nilimuuliza wifi yangu.

"Shikamoo kwanza, wifi. Mbona unatutisha?"

"Marahaba. Cha nani?"

"Cha huyo mwanao," alisema, akimwonyesha kwa kidevu binti yao wa miaka minne aliyekuwa akikimbiza kifaranga kuzunguka viti. "Jicho la kushoto limekuwa vivu. Hospitali wamesema tumzibe la kulia. Lakini jana alilia mpaka akatapika, kwa hiyo leo anapumzika. Tutamfunga kesho."

Kesho. Nilikaa mkekani bila kukaribishwa, nikaomba maji ya kunywa, na nilipopokea kikombe nikakigusa kwanza kwa kidole kabla ya kukishika, kama nilivyozoea, kwa sababu mtu wa jicho moja hajui sawasawa kitu kiko umbali gani mpaka akiguse.

Wewe unanifahamu, mimi si mtu wa kukaa. Niliacha shule darasa la sita. Tangu hapo nimepika kwenye kambi za wajenzi wa barabara, nimeuza asali stesheni, nimekata tiketi za mabasi ya Mpanda, nimefuata reli mpaka Kigoma kwa sababu tu nilitaka kuona inaishia wapi. Kila nilipopita niliuliza maswali mpaka watu wakachoka nami: mti huu unaitwaje, kisima hiki alichimba nani, kwa nini chumvi ya Uvinza inatoka ardhini. Swali moja tu sikuwahi kulipeleka popote, kwa kuwa jibu lake lilikuwa nyumbani kwetu Itetemia, kwenye msumari kama ule.

Itetemia ya utotoni mwangu ilikuwa mashamba. Mvua ikikatika, mama alikata viazi vitamu vipande vyembamba na kuvianika juu ya mwamba nyuma ya nyumba, tukapata michembe ya mwaka mzima, na harufu yake tamu ikichanganyika na moshi iliingia mpaka kwenye nguo za kanisani. Mvua ikianza, tulikwenda porini kuokota uyoga, bibi akiukagua mmojammoja na kuutupa ule wa kuua watu. Upepo ukikaa vizuri tulisikia kengele ya seminari ya Kipalapala, na baba akisikia kengele alivua kofia hata akiwa katikati ya matuta. Nyumbani tulisema Kinyamwezi, barabarani Kiswahili, kanisani vyote viwili.

Bibi ndiye aliyegundua jicho langu. Nilikuwa na miaka mitano. Nilikuwa nimekaa mbele yake tukimenya karanga, akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga, akasema, "Huyu mtoto jicho moja linatazama Ujiji, jingine linatazama Bagamoyo." Watu wote wakacheka, nami nikacheka, nikidhani ni sifa. Babu yake bibi alikuwa mpagazi. Alikwenda pwani kwa miguu na mzigo begani, akarudi, akaenda tena, na katika nyumba yetu njia ile ndiyo ilikuwa kipimo cha kila kitu. Jambo refu lilikuwa refu kama Ujiji. Mtu mvivu alikuwa yule anayetembea msafarani mikono mitupu.

Nilikuwa naona vizuri, lakini. Niliona kiasi kwamba fundi cherehani mmoja wa Isevya, mzee wa Kiislamu mwenye baraza iliyojaa vipande vya vitambaa, alikuwa akinisubiri kila siku ya soko. Mama alikwenda kuuza michembe, mimi niliachwa barazani kumtungia mzee uzi kwenye sindano, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamechoka. "Macho yangu hayo yanakuja," aliwaambia wateja akiniona mbali. Nilitunga sindano kumi, kumi na tano, nikazichomeka kwenye mto wake mdogo kwa mpangilio wa rangi, akanipa kashata ya karanga. Sikujua kwamba kazi yote ile nilikuwa naifanya kwa jicho moja. Lile la kushoto halikuwa linabeba chochote.

Kisha wakaja wageni wa macho kwenye zahanati, kwa siku mbili, watu kutoka mbali na visanduku vyao. Foleni ilianzia mlangoni ikafika barabarani. Muuguzi aliyenipima alikuwa mama mnene mwenye sauti ya haraka, Kiswahili chake cha pwani. Alinifunika jicho la kulia kwa kiganja akaniuliza ameinua vidole vingapi, nikasema sioni vidole. Akafunika la kushoto, nikasema vitatu. Akaandika kwenye karatasi maandishi ambayo hata mwalimu wetu baadaye hakuweza kuyasoma.

"Mama, mtoto ana jicho vivu," alimwambia mama yangu huku tayari akimwita mwingine kwa mkono. "Vibandiko vimekwisha. Mkashone cha kitambaa. Zibeni jicho zima, kila siku, tangu asubuhi mpaka mchana. Tukirudi tutampima."

"Sista, jicho zima?" mama aliuliza.

"Zima."

"Zima kabisa?"

"Zima kabisa, mama. Na usimwonee huruma."

Sasa na wewe simama hapo kidogo, ulisikilize neno lile kama alivyolisikia mkulima wa Itetemia aliyelelewa kwa Kinyamwezi, mwenye mtoto mwenye jicho bovu, ambaye maisha yake yote amefunga bandeji pale penye kidonda. Muuguzi alisema jicho zima akimaanisha lenye uzima. Mama alisikia jicho zima, lote, bila kuacha upenyo. Nani afunike jicho lisilo na ubaya wowote?

Fundi alishona kile kitambaa kutoka kwenye mabaki ya koti la mtu, akatia lastiki, hakutaka malipo. Mama alikiita kizibo. Kila asubuhi baada ya uji, kabla hajashika jembe, alinikalisha kwenye kigoda, akajaza pamba laini chini ya kitambaa, akanifunga jicho la kushoto, kisha akapitisha kidole pembeni mwa kizibo kutafuta mwanya.

"Unaona mwanga?"

"Sioni."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Hapo ndipo alipotabasamu. Hakukosa siku. Alipokuwa na homa alinifunga akiwa amelala, mikono yake ya moto ikitetemeka juu ya sikio langu. Alinishonesha cheupe cha Jumapili, kutoka kwenye mabaki ya gauni la komunyo la dada mmoja wa jirani, na nikapita kati ya mabenchi ya kanisa kama mtu mwenye cheo. Wanawake walimsifu. Jirani yetu, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alisema, "Huyu mama anajua kufuata dawa. Wengine wangekuwa wameshachoka."

Nami sikusumbua. Kwa nini nisumbue? Walikuwa wameziba dirisha la chumba ambacho hakuna mtu anayeishi. Nilikimbia, nilipanda mawe, nilitunga sindano za fundi. Watoto wa njiani waliniita Taa Moja, kama gari bovu, nami niliwafukuza na kuwakamata. Ilikuwa miezi saba ya raha. Naiita raha kwa sababu sijapata neno lingine, na kila nikiikumbuka naona uchungu mdomoni.

Wageni wa macho walirudi wakati wa kuvuna karanga. Mama alinivalisha vizuri. Tulipoingia, yule muuguzi aliinua kichwa, akatazama kizibo, akatazama karatasi, akatazama tena kizibo.

"Mama, hili ni jicho gani umeziba?"

"Lile bovu, Sista. Zima. Haupiti hata uzi wa mwanga."

"Nilisema jicho zima!"

"Ndiyo zima, Sista. Hebu kagua mwenyewe."

"Zima, mama! Zima! Lenye uzima! Lile linaloona!" Kisha akacheka. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyechoka, kilimtoka tu, na mwenzake wa meza ya pili akaambukizwa, na wale waliokuwa kwenye benchi wakaulizana kuna nini, wakaelezwa, wakacheka nao. Alipotulia alivua miwani yake akasema kwa upole, "Miezi saba umelilaza lililokuwa limelala. Lakini bado mdogo, hatujachelewa sana. Jicho vivu limezoea kubebwa na mwenzake. Mfunge mwenzake, litajifunza kutembea lenyewe. Atalia. Mwache alie."

Mama aligeuka tukarudi. Alinishika mkono kwa nguvu, na karanga alizokuwa amebeba kumpelekea muuguzi kwa shukrani alirudi nazo zikiwa kwenye kanga.

Kesho yake alinifunga la kulia.

Dunia haikuwa giza. Ingekuwa giza ningeelewa. Ilikuwa kama kutazama kupitia karatasi iliyofungiwa maandazi, ile yenye mafuta: mwanga unaingia, rangi zinaingia, lakini hakuna kitu chenye ukingo. Nilisimama mlangoni nikishika mhimili. Niliacha kukimbia siku ile ile. Nilitembea kwa kuburuta miguu, mikono mbele, kama kuku aliyeingia nyumba ya watu. Bibi alinipa mchele nichague, nikauchagua kwa vidole, na wakati wa chakula cha mchana baba akauma jiwe, akalitema kiganjani, akalitazama kwa muda mrefu.

"Mtoto alikuwa anaona," alisema. "Sasa haoni. Hii ni dawa gani inayompofusha mtu?"

"Sista amesema," mama alijibu.

"Sista huyu huyu wa kwanza?"

Bibi aliongeza lake: "Mnaziba jicho zuri ili lile bovu lione wivu?"

 Nadhani kicheko cha zahanati kilikuwa bado masikioni mwa mama. Aliyekuwa na uhakika wa chuma kwa miezi saba, sasa kila asubuhi alishika kizibo akakigeuzageuza, akaniuliza, "La kulia, sivyo? La kulia?" kana kwamba mimi ndiye niliyepaswa kujua.

Siku ya soko nilikwenda kwa fundi. "Macho yangu yamekuja," alisema. Nilikaa kigodani nikachukua uzi. Uzi ulipita pembeni ya sindano. Ukapita tena. Nilijichoma kidole, nikajaribu tena, na cherehani ya mzee ikanyamaza. Mwishowe alininyang'anya sindano taratibu, akalamba uzi, akaisogeza puani kwake, akahangaika mwenyewe. Kashata alinipa vilevile. Niliishika mpaka ikayeyuka mkononi.

Zilikuwa siku kumi na tisa. Ya kumi na tisa tulikwenda bombani. Wanawake walikuwa wengi, ndoo zikigongana, na mimi nilimshika mama kanga nisipotee. Kanga ile ilikuwa nyekundu na manjano. Tulipojaza, nilishika kanga nyekundu na manjano, nikaanza kutembea nayo, nikisimulia habari za kifaranga chetu, hatua kumi, hatua kumi na tano, mpaka mwenye kanga aliposimama na kupiga kelele, "Jamani! Mimi leo nimepata mtoto bila uchungu!"

Alikuwa yule jirani yetu. Bomba zima likalipuka. "Mama fulani, mwanao kahama!" "Mlipe mahari ya kunyonyesha!" "Amechoka na michembe yako, huyo!" Nilitoa mkono kama nimeshika moto. Nilimtafuta mama kati ya rangi zile zote, sikumwona. Nikasikia akicheka pamoja nao, kicheko kifupi, na nikakifuata mpaka nikamgusa.

Nyumbani alitua ndoo, akanikalisha kigodani, akafungua kizibo. Mwanga uliingia kama maji. Niliona uso wake, kila kitu usoni mwake, na ulikuwa umelowa.

"Pumzika leo, mayo," alisema, akiniita mama, kama kina mama wa kwetu wanavyowaita binti zao wakiwahurumia. "Tutaendelea kesho."

Alikitundika kizibo kwenye msumari kando ya mlango, karibu na rozari. Asubuhi iliyofuata nilijificha nyuma ya kihenge cha mahindi. Aliniita mara moja. Zile siku za kufunga jicho lisilostahili angeniita mpaka anipate, angepindua nyumba. Safari hii aliita mara moja, akasubiri, nikasikia jembe likiokotwa, hatua zikienda shambani. Nakumbuka utulivu ule kuliko kitu kingine chochote cha utoto wangu. Nilikuwa nimeshinda.

Kesho nyingi zikapita. Vumbi lilikaa juu ya kizibo, bibi akakitoa kwa muda akashikia kifuniko cha birika la moto, akakirudisha. Wageni wa macho waliporudi hatukwenda. Mama alisema wana dharau. Miaka mingi baadaye, nikiwa binti mkubwa, daktari mmoja wa mbali kwenye safari zangu aliniangazia tochi, akazima tochi, akasema umri wa kufanya kitu ulishapita. "Hili limeshazima," alisema. Neno lile lile. Nilitoka nikacheka peke yangu barabarani mpaka watu wakanikwepa.

Nimewahi kumchukia mama kwa jambo hili, nikuambie kweli. Nikimwaga chai pembeni ya kikombe mbele ya wageni, nilimchukia. Nilipokataliwa kazi ya kiwandani kwa sababu ya jicho, nilimchukia. Nilimchukia si kwa ile miezi saba. Ile niliisamehe, ilikuwa kosa la neno. Nilimchukia kwa sababu alikuwa na nguvu zote za dunia wakati dawa ilikuwa nyepesi na ya bure, na ilipokuwa dawa kweli, akachoka baada ya siku kumi na tisa. Mwaka mmoja kabla hajafa nilirudi, nikamkuta akimenya karanga, nikamuuliza waziwazi kwa nini aliacha. Hakujifanya haelewi.

"Pale bombani ulikuwa hunijui," alisema.

Akaendelea kumenya.  Kesho yake nilipanda treni.

Basi hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nikiwa nimekaa kwenye mkeka wa wifi yangu, nikitazama msumari. Asubuhi niliamka kabla yao. Nilikipangusa kile kitambaa, nikamkalisha mtoto mapajani, nikamuuliza wifi kwa sauti, "La kulia, lile linaloona, sivyo?" Akasema ndiyo. Nikamfunga.

Alipiga kelele. Alinipiga kifuani, akanivuta nywele. "Shangazi, sikuoni! Toa! Sikuoni!" Nilimwambia nipo, nikamshika vidole nikavipitisha usoni kwangu, puani, mdomoni. Mkono wangu wa kulia, bila mimi kuuagiza, ulikuwa umeshafika kwenye lastiki. Niliukalia. Nakuambia kweli, niliukalia mkono wangu kama mtu anayekalia kifuniko cha kapu lenye kuku. Nusu saa ya kwanza ile ndiyo niliyomwelewa mama, na kumwelewa hakukunipunguzia uchungu, kulinigawia tu na wa kwake.

Nilimfunga siku kumi na moja. Tulichagua maharage pamoja, nikimsogezea yenye rangi kali. Tulitembea polepole mtaani. Nilimwonyesha ilipokuwa baraza ya fundi. Sasa ni kibanda cha kutuma pesa kwa simu, na kijana mle ndani hajui kama pale pamewahi kuwa na cherehani. Tulikwenda Itetemia. Mwamba wa michembe umepasuliwa kuwa kokoto. Matuta ya baba ni nyumba za bati, kila moja na uzio wake, na pale lilipokuwa bomba pana duka la simenti. Nilisikiliza kengele ya Kipalapala nikasikia pikipiki. Mtoto alinishika kidole wakati wote, akiburuta miguu, mkono mwingine mbele, nami nilijua kila hatua yake ilivyo. Siku ya tisa aliokota kitu chini akaniuliza, "Shangazi, hii ni karanga?" Ilikuwa karanga. Aliiona kwa jicho vivu. Niligeuka pembeni nisimtishe.

"Dada, wewe una moyo," mdogo wangu alisema jioni ile. "Sisi tunashindwa. Utakaa mpaka lini?"

 Unanifahamu. Siku ya kumi na mbili nilipigiwa simu, kuna kambi njia ya Mpanda inataka mpishi, na mwili wangu ukaanza kuwasha kama kawaida. Nilimwelekeza wifi kila kitu. Nilimwambia amsemeshe mtoto wakati wote, ampe kazi za mikono, asijali majirani. Aliitikia kwa kichwa kila neno. "Jicho lipi?" nilimuuliza nikiwa na begi begani. "La kulia, wifi. Jicho zima," alisema. Mtoto alinipungia akiwa na kizibo usoni, akiupungia upande ambao sikuwa nimesimama.

Sasa kila asubuhi, nikishabandika uji wa kambi, napiga simu Isevya.

"Mmemfunga?"

"Tumemfunga, wifi," husema. "Toka asubuhi."

Nami husikiliza nyuma ya sauti yake. Juzi nilisikia kuku wakitimuliwa. Jana nilisikia kicheko, mlango ukigonga ukuta, na miguu midogo ikikatiza ua mbio, mbio, bila kusita, bila kugusa kitu, miguu ya mtoto anayeona vizuri kabisa anakokwenda.